Rangi Isiyoomba Ruhusa

Anayeingia mjini Ndhiwa kwa barabara inayotoka Rodi Kopany hahitaji kuuliza kama kuta za hapa huchorwa. Zimekwishachorwa. Duka moja limepakwa kijani kutoka msingi hadi chini ya mabati, jirani yake ni jekundu tupu, na la tatu limevishwa manjano ya kampuni ya rangi, jina la kampuni likiwa kwa herufi zenye kimo cha mtu mzima. Mara nyingi mwenye duka hakutoa hata shilingi: kampuni imeleta rangi na fundi, yeye ametoa ukuta. Serikali ya kaunti nayo ina mgao wake, maana tangazo la ukutani hutozwa ada. Hakuna anayeita kazi hiyo uchafu, wala hakuna anayeiita sanaa. Ni biashara.

Nyuma ya maduka hayohayo mambo ni mengine. Kuta za nyuma hazina mteja, kwa hiyo zimeachiwa vijana, na vijana wana mkaa, chaki na vipande vya tofali. Jina lisilokosekana ni K'Ogalo, lakabu ya Gor Mahia, klabu ya soka iliyoanzishwa mwaka 1968. Kuliona jina hilo Ndhiwa kuna utamu wake. Gor Mahia mwenyewe, mganga aliyeipa klabu jina, alikuwa mtu wa Kanyamwa, papa hapa Ndhiwa, na wazee bado husimulia alivyokuwa akijigeuza maumbo mbele ya waliomtafuta. Kijana anayeandika K'Ogalo kwa mkaa kwenye ukuta wa Ndhiwa anamrudisha mtu nyumbani kwao, ajue asijue. Mwenye ukuta haoni hivyo. Anachoona ni chokaa yake iliyoharibiwa.

Je, huo mkaa ni sanaa?

Swali hilo huulizwa kana kwamba ni moja, kumbe ni mawili. La kwanza ni la mchoro: una nini ndani yake? La pili ni la ukuta: ni wa nani, na nani aliombwa ruhusa? Mijadala mingi ya grafiti, iwe barazani kwa chifu au katika kamati za bunge, huanza na la kwanza ikaishia kwenye la pili bila mtu kugundua kuwa mada imebadilika njiani. Mzee akisema kwamba huo ni utundu wa watoto wasio na kazi, hoja yake ni ya ruhusa. Mchoro wenyewe bado hajautazama.

Kati ya rangi ya kampuni na mkaa wa kijana yuko mtu wa tatu ambaye mjadala humsahau: mchora mabango. Kila soko la Kenya lina wake. Ndiye anayechora vichwa vya wanaume walionyolewa kwenye mlango wa kinyozi, ng'ombe mnene kwenye bucha, mashine ya kusaga kwenye banda la posho mill. Hutumia uzi uliopakwa chaki: unavutwa kutoka kona hadi kona, unainuliwa kwa vidole viwili, unaachwa upige ukuta, na mstari ulionyooka unabaki hapo kwa vumbi jeupe. Juu ya mstari huo hupanga herufi zake, akianzia katikati ya neno ili nafasi isimwishie, ingawa mara nyingine humwishia na herufi ya mwisho ikabanwa ukingoni. Analipwa, ana ruhusa, na mteja ndiye aliyeagiza. Hata hivyo ukikisogelea kimojawapo cha vile vichwa vya kinyozi utakuta jambo ambalo mteja hakuliagiza: jicho linalomfuata mpita njia, kivuli cha buluu kwenye shavu jeusi, shingo iliyoinamishwa kidogo kwa majivuno. Hilo ni la mchoraji peke yake. Mteja alilipia nywele.

Hapa ndipo penye ufunguo wa suala zima. Ruhusa ilikuwapo kwenye ukuta wa kampuni, lakini ile rangi ya kijani haina jicho wala kivuli. Ni eneo lililofunikwa tu. Ruhusa ilikuwapo pia kwa kinyozi, na sanaa ikajitokeza pembeni mwa agizo. Kama ruhusa inaweza kuwapo bila sanaa, hakuna sababu ya kuamini kwamba sanaa haiwezi kuwapo bila ruhusa.

Kaunti ya Homa Bay, ambamo Ndhiwa imo, ina ushahidi mkongwe kuliko kuta zake zote za saruji. Katika kisiwa cha Mfangano, kwenye mapango ya mwamba kama Kwitone na Mawanga, kuna michoro myekundu na myeupe: duara ndani ya duara, na maumbo yenye miale kama ya jua. Wataalamu huihusisha na wawindaji wa kale, jamii za Watwa walioishi kandokando ya ziwa kabla ya Wabantu na Wajaluo kufika. Waliochora hawakuacha jina wala maelezo. Abasuba waliokuja baadaye waliikuta michoro ikiwa tayari juu ya jiwe; hawakuifuta, na wala hawakujua ilikusudiwa nini. Wakapafanya mahali pa kuombea mvua. Kizazi baada ya kizazi waliingia pale kwa tahadhari na kwa miiko, mbele ya alama zilizochorwa na watu wasiowajua, kwa lugha ya macho ambayo hakuna aliyewafundisha. Leo Jumba la Makumbusho ya Amani la Jamii ya Abasuba kisiwani humo husaidia kuitunza, na sheria ya mwaka 2006 kuhusu makavazi na turathi inautaja mchoro wa mwambani, mchongo na maandishi yaliyowekwa na binadamu kwenye kitu kisichohamishika miongoni mwa vitu vinavyoweza kuwa mnara wa kitaifa.

Yasome tena hayo maneno ya sheria polepole. Mchoro, mchongo au maandishi, juu ya kitu kisichohamishika. Polisi akiulizwa grafiti ni nini, sidhani angeieleza vizuri zaidi.

Kusini mwa Ndhiwa, upande wa Migori, kuna Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, yanayokadiriwa kujengwa tangu karne ya 16 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mgeni hupelekwa kwanza kuzitazama kuta, na anastahili. Lakini kiongozi wa watalii huwa pia na jiwe la kuonyesha, lenye vishimo vya mchezo wa ajua, yaani bao. Mtu aliketi pale na kulitoboa jiwe la watu wote ili apate pa kuchezea. Nani alimruhusu?

Mfano mkali zaidi uko Mombasa. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na katika karne ya 17 askari waliokuwa zamuni kwenye moja ya ngome zake za pembeni walichora ukutani kwa mkaa na ngeu nyekundu. Michoro hiyo leo imehifadhiwa katika makumbusho ya ngome, na watalii hulipa kuiona. Kuna meli za Kireno zenye milingoti mingi na tanga za kupepea, kuna samaki, kuna kinyonga, kuna watu wa vita. Mkono hauna ufundi wa shule. Milingoti imepandana, na baadhi ya watu wana miguu mifupi kuliko kiwiliwili kinavyostahili. Huu ni mchoro wa mtu aliyechoka kusubiri, aliye mbali na kwao, anayechora chombo kitakachomrudisha. Kapiteni angemfuma angemwadhibu. Kwingineko pwani, kwenye kuta za plasta za miji ya kale ya Waswahili kama Gede na Kilwa, watu walikwaruza majahazi na mitepe kwa ncha ya kitu kikali, na mwaka 1964 wanaakiolojia Peter na Margaret Garlake waliiandikia makala ya kitaalamu michoro hiyo, kwa kuwa inaonyesha vyombo ambavyo havikuacha hata ubao mmoja. Ngome ya Yesu iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, Gede mwaka 2024. Grafiti zikaingia pamoja na kuta zao.

Mtetezi wa vijana wa Ndhiwa angependa kusimama hapo na kudai ushindi: mnaona, baada ya miaka mia tatu hata uhuni huwa sanaa. Lakini hoja hiyo ni dhaifu, na afadhali iachwe. Umri huugeuza mchoro kuwa turathi, na turathi ni kitu kingine. Gae la chungu kilichovunjika ni turathi. Risiti ya mfanyabiashara wa Kihindi ya mwaka 1890 ni turathi. Hakuna anayeziita sanaa. Meli ya yule askari inaweza kuwa na thamani kubwa kwa mwanahistoria huku ikiwa mchoro wa kawaida kabisa. Na kinyume chake, kitu kinaweza kuwa sanaa kamili asubuhi na kuondoka jioni bila kuacha turathi yoyote.

Wanawake wa Kijaluo walilijua hilo bila kusoma falsafa. Nyumba ya udongo hukandikwa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, kisha uso wa ukuta hulainishwa kwa kiganja, na kwa mwanamke mwenye mkono mwepesi kazi haiishii hapo. Udongo mwekundu, mweupe na wa kijivu uliochotwa sehemu tofauti hupakwa kwa mikanda, na vidole hupitishwa kabla haujakauka ili kuacha mawimbi, pembe au nusuduara zinazofuatana hadi kwenye kizingiti. Ukiwa karibu unaweza kuona mahali kidole cha shahada kilipozidi kukandamiza, na mahali mchoraji alipofika mwisho wa urefu wa mkono wake akasogea hatua moja. Nyumba ni ya mke, kila mke na yake, kwa hiyo ruhusa ni yake mwenyewe. Mvua ya masika hupiga, udongo humomonyoka, na mwanamke huanza tena, wala harudii lazima mchoro wa mwaka uliopita. Majirani hupita wakasifu, au wakakosoa, jambo ambalo ni aina ya sifa. Mabati na tofali za kuchoma zimeipunguza sanaa hii sana, na hakuna jumba la maonyesho lililokuja kuichukua.

Okot p'Bitek, mshairi na mwanafalsafa kutoka Uganda, aliyefanya kazi Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1960, angeielewa kazi hiyo mara moja. Alipinga maisha yake yote ile desturi iliyoletwa na wakoloni ya kuitenga sanaa katika jengo maalumu, yenye saa za kufunguliwa na tiketi ya mlangoni. Kwake msanii alikuwa mtawala wa aina yake: anayeweka sheria za nafsi, anayewafundisha watu wapende nini na wacheke nini, kwa nguvu kuliko amri ya serikali. Insha zake za mwisho, zilizochapishwa mwaka 1986 baada ya kifo chake, zina kichwa kinachosema hivyo waziwazi. Mtazamo wake unaitupa nje ile nadharia ya wasomi wa Magharibi kwamba sanaa ni chochote ambacho ulimwengu wa majumba ya sanaa, wahakiki na wanunuzi umekubali kukiita hivyo. Kwa nadharia hiyo, Ndhiwa haina sanaa hata kidogo, kwa sababu haina jumba, haina mhakiki, na wanunuzi waliopo wanatafuta miwa.

Mwandishi Mrusi Tolstoy, mwaka 1897, alikuwa na kipimo kinachosafiri vizuri zaidi: sanaa ni mtu kumwambukiza mwenzake hisia aliyokuwa nayo, kwa njia ya rangi, sauti au maneno. Kipimo hicho ni kipana mno, kwa kuwa hata tusi huambukiza hisia. Ila kikiongezewa sharti moja, kwamba mchoraji awe ameihangaikia sura ya kazi yake, akachagua hiki akaacha kile kwa ajili ya jicho la mtazamaji, kinatosha kwa ukuta wowote. Neno K'Ogalo lililokwaruzwa haraka haliingii. Lilelile, kijana akiigeuza O kuwa mpira na mkia wa herufi g akaufanya guu lililoinuliwa, linaingia. Mkaa ni uleule na ukuta ni uleule, na kosa dhidi ya mwenye duka halijapungua hata chembe.

Wasomaji wa Biblia, na Nyanza Kusini wako wengi tangu Waadventista walipoanzisha misheni ya Gendia mwaka 1906, wana kisa chao cha ukuta. Katika sura ya tano ya kitabu cha Danieli, Mfalme Belshaza anakunywa divai kwa vyombo vilivyoporwa hekaluni, mara vidole vya mkono wa mtu vinatokea na kuandika kwenye chokaa ya ukuta wa jumba lake, mbele ya kinara cha taa. Ni ukuta wa mfalme, na ruhusa haikuombwa. Kinachopendeza katika kisa hicho ni jinsi mfalme anavyouliza. Magoti yake yanagongana, lakini haagizi ndoo ya chokaa. Anatafuta mtu wa kumsomea. Mwandishi wa kisa aliona kwamba kuna maandishi ambayo uhalali wa kuwapo kwake ukutani si jambo la kwanza la kuuliza. Bila shaka, mwandikaji wa Babeli alikuwa na mamlaka ambayo kijana mwenye kopo la rangi hana, na mhubiri yeyote atalikumbusha hilo haraka.

Kenya ilipata Babeli yake ndogo mwaka 2012. Mpigapicha na mwanaharakati Boniface Mwangi aliwakusanya wachoraji wa grafiti wa Nairobi, miongoni mwao Uhuru B, Swift9, Bankslave na Smokillah, na usiku mmoja wakachora kwenye ukuta wa katikati ya jiji mwanasiasa mwenye kichwa cha tai, ameketi juu ya kiti. Asubuhi wafanyakazi waliokuwa wakishuka kwenye matatu walisimama. Picha ilisambaa magazetini na kwenye simu, na jina MaVulture likaingia kinywani mwa watu. Kama waandalizi wangepeleka barua kwa baraza la jiji kuomba kibali cha kuwachora waheshimiwa kama ndege wala mizoga, barua hiyo bado ingekuwa kwenye trei ya mtu. Mchoro ule ulikuwa ni mashtaka, na mashtaka hayaombewi ruhusa kwa mshtakiwa. Kukosa kibali kulikuwa sehemu ya maana yake.

Wakati mwingine mchoro haushtaki, huomba amani. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipoichoma Kibera, mchoraji wa mtaani anayejulikana kwa jina Solo 7 alizunguka na rangi yake akiandika maombi ya amani kwenye mageti, kuta na mabati ya vibanda, yakiwamo mabaki ya palipoungua. Hakungoja ruhusa kwa sababu wenye kuta wengine walikuwa wamekimbia. Miaka mitano baadaye, kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, wachoraji walipaka treni inayopita katikati ya Kibera, safari hii kwa kibali cha kampuni ya reli, ambayo ilikumbuka vizuri jinsi mataruma na reli zilivyong'olewa katika ghasia zile. Treni iliyochorwa nyuso za watu na maneno ya amani ikapita mlemle mlimong'olewa reli. Je, kibali kiliifanya kazi hiyo isiwe grafiti? Wapo wenye msimamo mkali wanaosema ndiyo. Wanashikilia fomu na kusahau treni. Na Juni 2020, Allan Mwangi alipochora uso wa George Floyd Kibera na kuandika neno moja, Haki, hakuna mpita njia aliyehitaji kujua kama karatasi ilikuwa imesainiwa.

Serikali yenyewe haijawahi kuamua. Matatu za Nairobi ndizo jumba kubwa kuliko yote ya grafiti nchini, jumba linalotembea na kupiga muziki. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliamuru mstari wa manjano ubavuni na michoro ikafifia. Mwishoni mwa mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akawaruhusu vijana warudishe rangi zao, akisema ni kazi na ni ubunifu. Novemba 2018 kanuni za Michuki zikafufuliwa, na magari yaliyogharimu mamia ya maelfu ya shilingi kuchorwa yakapigwa rangi moja kwa haraka, na mstari wa manjano juu yake. Leo manyanga, yaani matatu zenye michoro, zimerudi kana kwamba hapakuwahi kutokea lolote. Katika miaka hiyo yote kazi ya wachoraji haikubadilika kwa kiwango cha kuifanya iwe sanaa, kisha isiwe, kisha iwe tena. Kilichobadilika ni waziri. (Ndhiwa yenyewe husafiri kwa Probox, gari lisilo na nafasi ya mchoro kwa kuwa abiria wamelijaza mpaka madirishani.)

Sheria iliyoandikwa ina busara kuliko wanaoitekeleza. Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu kinamtisha anayeharibu mali ya mwingine kwa makusudi na bila haki: hadi miaka mitano jela. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, ikieleza kazi ya sanaa ni ipi, inataja michoro na picha za rangi bila kujali ubora wake wa kisanaa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 33, inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Ziwekwe pamoja, na jibu linajitokeza bila kelele: mtu aweza kupelekwa kortini kwa mchoro na bado ukawa mchoro wake. Bunge halikumtaka hakimu awe mhakiki.

Mahakama ya New York ililazimika kuwa karibu na mhakiki. Mwenye jengo lililoitwa 5Pointz, huko Queens, aliwaruhusu wachoraji wa grafiti kwa miaka mingi kulipamba, kisha usiku mmoja wa Novemba 2013 akalipaka chokaa nyeupe kabla ya kulibomoa. Wachoraji 21 walishtaki, na mwaka 2018 Jaji Frederic Block akaamuru walipwe dola milioni 6.75, na rufaa ikashindwa mwaka 2020. Wengi walishangilia kwamba hatimaye grafiti imetambuliwa. Kuna la kufikiria hapo. Wachoraji wale walishinda kwa sababu walikuwa na ruhusa na kwa sababu wataalamu walikuja kutoa ushahidi kuhusu hadhi ya kazi zao. Kwa kipimo hicho Solo 7 angeshindwa. Soko nalo ni hakimu wa ajabu zaidi: kazi ya mchoraji wa grafiti Banksy iliyojikata vipande nusu yake mbele ya wanunuzi London mwaka 2018, ilipouzwa tena miaka mitatu baadaye, ilifikisha zaidi ya pauni milioni 18. Mchoro wa ukuta wa Banksy ukitokea usiku kwenye nyumba ya mtu Uingereza, mwenye nyumba huufunika kwa plastiki ngumu na kumpigia simu wakili. Kosa ni lilelile la kuchora bila kuuliza. Tofauti ni bei.

Hata hivyo mwenye duka wa Ndhiwa hajajibiwa. Yeye alinunua ndoo ya rangi kwa faida ya wiki kadhaa, na hataki kuambiwa habari za Tolstoy. Ana haki. Kuwa sanaa hakumpi mchoro kibali cha kuishi kwenye ukuta wa mtu maskini, na anayepuliza rangi kwenye kibanda cha mjane anayeuza omena amefanya uonevu, hata mkono wake uwe mwepesi namna gani. Kuna pia ukatili wa mchoro dhidi ya mchoro: katika mapango ya michoro ya kale Afrika Mashariki, wageni wamekwaruza majina yao juu ya duara za wawindaji, na jina la mtu pamoja na tarehe ya safari yake limekula kitu kisichorudishika. Ukuta wa mwenye nguvu na ukuta wa mnyonge si ukuta mmoja, na aliyechora tai mjini Nairobi alijua anamchokoza nani. Mwenye duka achukue ndoo yake afute. Anachokosa ni haki ya kusema, kwa kuwa alikifuta, basi hakikuwa kitu.

Pengine swali litaamuliwa shuleni. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza, sanaa imerudi darasani baada ya miaka mingi ya kutotahiniwa katika shule za msingi, na wanafunzi wa gredi ya 10, waliofika sekondari ya juu Januari 2026, wamekuta Sanaa na Sayansi ya Michezo ikiwa mkondo mmoja kati ya mitatu. Kuta za shule za msingi Nyanza tayari zina ramani ya Kenya, mmea wenye mizizi na majani yaliyoandikwa majina, na jedwali la kuzidisha, kazi za mchora mabango aliyelipwa na kamati ya wazazi. Nyuma ya vyoo kuna kazi nyingine, za mkaa, ambazo hakuna aliyelipa. Mwalimu mkuu mwenye akili anaweza kuwapa vijana ukuta mmoja mrefu, chokaa na rangi, na muhula mzima. Treni ya Kibera inaonyesha kwamba kibali hakikaushi kazi. Atapata nyuso, mashua za Mbita zilizochorwa rangi, trekta za miwa, na mganga wa Kanyamwa akigeuka chui. Kitu kimoja hatakipata kwenye ukuta huo: picha ya mwalimu mkuu mwenyewe, tumbo mbele, karo ya watu mfukoni. Hiyo itaendelea kuchorwa nyuma ya vyoo, na huenda ndiyo iliyochorwa vizuri kuliko zote.